Mpagazi wa Kifuani: Kufanya Mazoezi ya Baiskeli kwa Mapigo ya Moyo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kariakoo inapitika. Mtaa wa Msimbazi, ambao saa nne asubuhi utakuwa umejaa mabegi, mikokoteni na bodaboda hadi mtu anapita kwa kupinda bega, muda huu una nafasi ya baiskeli mbili kwenda sambamba. Wauza kahawa wanapepea mkaa. Malori ya mikoani yanashusha viazi na vitunguu, na vijana wa guta wanasubiri mzigo wa kwanza. Anayetoka na baiskeli saa hizo kwenda mazoezini hawezi kupita bila kusalimiwa, na mtu wa pwani hasalimii kwa neno moja.

Nimejifunza kuzitumia salamu hizo kama kipimo. Nikiweza kuitikia zote, kuanzia habari za asubuhi hadi za nyumbani na watoto, bila kukata neno katikati ili nivute pumzi, najua moyo wangu uko ninapotaka uwe. Nikiitikia "salama" moja na kunyamaza, nimeshazidisha. Nikiishia kuinua mkono tu, hayo ni mazoezi mengine kabisa, yenye siku yake.

Kanda za mapigo ya moyo ndizo hizo. Saa, mkanda wa kifuani na hesabu zake huja baadaye, kuipa namba hali ambayo mwili tayari unaijua. Nataka kuzieleza kanda hizo hatua kwa hatua, kwa mtu anayeishi na kuendesha katikati ya Dar es Salaam, kwa sababu naamini wengi wetu hatukosi bidii. Tunaendesha kwa uzito uleule kila siku, mzito kiasi cha kutuchosha, mwepesi kiasi cha kutotusogeza mbele. Tukijifunza kuusikiliza moyo, tutaendesha polepole zaidi siku nyingi, na ndipo siku chache za kasi zitakapokuwa na maana.

Dumu kwa dakika

Tuanze na kazi yenyewe ya moyo. Mtu mzima akiwa amekaa, moyo hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo husukuma takriban mililita 70 za damu. Zidisha: karibu lita 5 kila dakika, yaani robo ya lile dumu la lita 20 tunalochotea maji. Mtu huyohuyo akipanda mlima wa Pugu kwa nguvu zake zote, moyo unaweza kusukuma lita 20 kwa dakika. Dumu zima, kila dakika, kwa msuli unaolingana na ngumi yako.

Moyo, kwa hiyo, ni mpagazi. Hauamui mzigo, miguu ndiyo inayoagiza oksijeni, nao unabeba. Hapa Kariakoo tunalielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa kuwa hata jina la mahali hapa lilitokana na wapagazi. Waingereza walipouchukua mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kambi ya kikosi chao cha wapagazi ilikuwa hapa. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo.

Mpagazi anaweza kuongeza kazi kwa njia mbili: kwenda safari nyingi zaidi, au kubeba zaidi kila safari. Moyo usio na mazoezi hutegemea sana njia ya kwanza. Miezi ya mazoezi ya ustahimilivu huufundisha njia ya pili. Chumba chake cha chini kushoto, kile kinachosukuma damu mwilini, hupanuka na kujaa vizuri zaidi, na damu yenyewe huongezeka ujazo. Mtu aliyekuwa na mapigo 70 akiwa amepumzika anaweza kushuka hadi 55, huku lita 5 zake zikifika kama kawaida. Ndiyo maana mapigo ya mapumziko, yakihesabiwa asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, ni habari ya kwanza ambayo kila mwendesha baiskeli anapaswa kuiandika.

Mabadiliko haya hayahitaji mateso. Pigo moja hufikia karibu ujazo wake wa juu hata katika kazi ya wastani. Kuanzia hapo moyo hukazana zaidi kwa kuongeza idadi ya safari. Saa moja na nusu ya mwendo mwepesi inaupa moyo maelfu ya mapigo yaliyojaa, bila kuiachia miguu uchovu wa siku tatu.

Kanda tano na kizingiti kimoja

Watanzania tunajua maana ya kanda: Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kaskazini. Ukivuka kutoka moja kwenda nyingine hukuti ukuta, ila mambo hubadilika. Kanda za mapigo ni hivyohivyo. Mgawanyo unaotumika sana ni wa kanda tano.

Kanda ya kwanza ni ya kupasha mwili moto na ya kupumzika ukiwa juu ya baiskeli. Kanda ya pili ni mwendo wa salamu kamili: unafanya kazi, unapumua kwa kina, lakini unazungumza. Humo misuli inategemea mafuta ya mwili kwa sehemu kubwa, na mafuta hata mtu mwembamba anayo ya kumfikisha mbali. Humo pia ndimo misuli inapojenga mitokondria, vile viwanda vidogo ndani ya seli vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu, pamoja na mishipa myembamba ya kuvifikishia damu.

Kanda ya tatu ni ya kukaza bila kuteseka. Unajibu kwa sentensi fupi. Kanda ya nne inakaribia ukomo wa kazi unayoweza kuidumisha. Kanda ya tano ni juu ya ukomo huo, nayo ni ya dakika chache tu.

Ukomo huo tuuite kizingiti, na ndio msingi wa mambo yote. Fikiria lori linashusha mzigo mbele ya duka Mtaa wa Kongo. Wapagazi wakiwa wanatosha, kila gunia linalotua chini linachukuliwa na kuingizwa ndani, na njia inabaki wazi. Anayeshusha akiongeza kasi, wapagazi nao wanakazana. Lakini iko kasi ambayo, ikipitwa kidogo tu, magunia yanaanza kurundikana na njia inaziba. Misuli inayofanya kazi huzalisha lakteti muda wote. Lakteti si sumu, maana moyo wenyewe na misuli mingine huitumia kama chakula. Kwenye mwendo mwepesi inatumika kadiri inavyozalishwa. Kwenye kizingiti mizani inakaribia kupinduka. Ukikipita, inarundikana pamoja na tindikali inayoambatana nayo, pumzi zinakuwa fupi, miguu inawaka moto, na unahesabu dakika kabla ya kulazimika kupunguza.

Jambo la pili linalobadilika kadiri unavyopanda kanda ni nishati unayotumia. Juu, misuli inadai sukari. Akiba ya sukari mwilini ni ndogo: kwa kazi nzito hutosha takriban saa moja na nusu hadi mbili. Anayeondoka Kariakoo asubuhi na kuikimbiza saa ya kwanza yote kwenye kanda ya nne, halafu akaishiwa nguvu njiani wakati wa kurudi, hakukosa moyo wa ushujaa. Alichoma mapema kile ambacho hakuwa nacho kingi.

Hesabu ya umri inapokosea

Ukiuliza mapigo yako ya juu kabisa ni mangapi, utaambiwa: toa umri wako kwenye 220. Kanuni hii inaonekana ukutani kwenye majumba ya mazoezi na ndani ya saa za mkononi dunia nzima. Ilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka kwenye maandishi ya Samuel Fox na wenzake wa Marekani, ambao walipitisha mstari wa kukadiria juu ya takwimu za tafiti za watu wengine. Mwaka 2001, Hirofumi Tanaka na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 351 na kupendekeza kanuni nyingine: 208, toa asilimia 70 ya umri.

Angalia zinavyotofautiana. Kijana wa miaka 20, kanuni ya kwanza inampa 200, ya pili 194. Mwenye miaka 40 anapata 180 kwa zote mbili. Mzee wa miaka 60 anapewa 160 na ile ya zamani, 166 na ile mpya. Tofauti hizo ni ndogo. Tatizo kubwa ni kwamba kanuni zote mbili hutoa wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mapigo 10 au zaidi juu au chini ya wastani huo bila kuwa na ugonjwa wowote. Wawili wenye miaka 40, mmoja wa mapigo 168 na mwingine wa 192, wakifuata kanda za 180, mmoja atajitesa na mwenzake atakuwa anatembea tu, na wote wataamini wanafanya sahihi. Isitoshe, mapigo ya juu kabisa ukiwa kwenye baiskeli, umekaa na uzito wako umebebwa na kiti, kwa kawaida huwa pungufu kidogo kuliko ukikimbia.

Iko njia ya pili. Mwaka 1957 Martti Karvonen wa Finland alichapisha utafiti uliofanywa kwa kundi dogo la vijana, na kutoka hapo ikaja hesabu inayobeba jina lake: chukua mapigo ya juu, toa ya mapumziko, na tofauti hiyo ndiyo akiba yako. Tuseme una miaka 40, mapigo ya juu 180, ya mapumziko 60. Akiba yako ni 120. Asilimia 60 ya akiba ni 72. Ongeza yale 60, unapata 132. Asilimia 70 inakupa 144. Sasa linganisha na asilimia hizohizo za mapigo ya juu peke yake: 108 na 126. Asilimia ni zilezile, lakini ni miendo miwili tofauti kabisa. Ukisoma mahali kwamba kanda ya pili ni "asilimia 60 hadi 70", uliza kwanza: asilimia ya nini? Wengi waliojilazimisha kwenda kwa mapigo 110, wakachoshwa na mwendo wa konokono na kuziacha kanda moja kwa moja, walipotoshwa na swali hilo ambalo hawakuliuliza.

Njia ninayoipendekeza kwa mwenye afya njema ni ya tatu: pima kizingiti chako mwenyewe. Kocha wa Marekani Joe Friel aliieneza kwa waendesha baiskeli, nayo haina gharama. Pasha mwili moto dakika 20. Kisha endesha peke yako dakika 30 kwa kasi kubwa kabisa unayoweza kuidumisha hadi mwisho. Dakika 10 za kwanza usizihesabu. Wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndio makadirio ya kizingiti chako.

Kariakoo yenyewe haiwezi kukupa dakika 30 bila kusimama. Barabara ya Toure kule Masaki alfajiri ya Jumapili inafaa, na barabara za Kigamboni upande wa kusini zinafaa zaidi. Tuseme umepata 160. Kwa mgawanyo wa Friel, kanda ya kwanza ni chini ya 130. Ya pili ni 130 hadi 143. Ya tatu 144 hadi 149. Ya nne 150 hadi 159. Ya tano 160 kwenda juu. Ziandike namba hizo kwenye karatasi na uzibandike kwa selotepu kwenye usukani. Baada ya wiki mbili utazijua kwa pumzi.

Kabla ya jaribio hilo, kuna jambo la lazima. Kama umepita miaka 40, una presha au kisukari, unavuta sigara, au umewahi kubanwa na kifua ukifanya kazi, pima afya kwanza. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Muhimbili, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na presha inapimwa hata kwenye kituo cha afya cha mtaani. Mwambie pia daktari dawa unazotumia. Dawa za presha za kundi la beta-bloka, kama atenolol na bisoprolol, huzuia mapigo kupanda. Anayezitumia hawezi kufuata kanuni yoyote ya umri. Kipimo chake ni pumzi na salamu.

Kifaa kinachosema kweli

Mapigo hupimwa kwa njia kuu mbili. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe. Njia hiyo bila waya ilianzia Finland, ambako kampuni ya Polar, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitoa mwaka 1982 kifaa cha kwanza cha aina yake cha kuvaliwa na mwanamichezo. Saa ya mkononi hutumia mwanga: inamulika ngozi na kusoma jinsi damu inavyojaa na kupungua chini yake.

Saa yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja la simu hapa mjini. Nikiwa nimekaa ilisema kweli. Nikiwa barabarani, mkono ukitikiswa na mashimo na jasho likipita chini ya kioo, ilipanda hadi 170 wakati ninazungumza na mwenzangu kwa raha. Ilikuwa ikihesabu mitikisiko. Niliyatambua makosa yake kwa kusimama kando ya barabara, kuweka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Kifanyie hivyo kila kifaa kipya kabla hujakiamini. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua mkanda wa kifuani, uulowanishe maji kidogo kabla ya kuuvaa, na uuunganishe na simu janja kwa Bluetooth.

Wataalamu wa leo hupima nguvu kwa wati, kwa kifaa kilichofungwa kwenye pedali au kwenye mkono wa pedali. Ni kipimo kizuri, kwa kuwa kinasema miguu imetoa nini papo hapo. Lakini bei yake inaweza kuzidi ya baiskeli nyingi za mtumba tunazoendesha. Na hata mwenye wati bado anauhitaji moyo, kwa sababu wati husema kazi iliyofanyika na moyo husema gharama iliyolipwa. Hapa Dar es Salaam, gharama ndiyo habari kubwa.

Jua, upepo na honi

Februari, joto la mchana hufika nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho linatoka, lakini halikauki. Linadondoka tu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unapewa kazi mbili kwa pamoja: kupeleka damu kwenye miguu, na kupeleka nyingine kwenye ngozi ikapoe. Maji yakipungua mwilini, kila pigo hubeba kidogo zaidi, na mpagazi hulazimika kuongeza safari. Kwa hiyo unaweza kuanza kwa 135, ukashika kasi ileile kwenye barabara ileile, na baada ya saa moja na nusu ukajikuta kwenye 147. Miguu haijaongeza chochote. Mapigo yamepanda yenyewe.

Ufanye nini? Siku ya mwendo mwepesi, utii moyo: punguza kasi, ubaki kwenye kanda. Gharama ni halisi hata kama sababu yake ni jua. Kunywa mara kwa mara. Maji yenye chumvi kidogo na sukari, au dafu kutoka kwa muuza madafu njiani, yanafaa. Anayehamia Dar kutoka Arusha au Mbeya ajipe wiki moja hadi mbili za kuzoea joto kabla ya kuzihukumu namba zake. Na sote tunajua dawa kubwa kuliko zote: kutoka alfajiri.

Upepo unafundisha somo la kinyume. Ukitoka Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru na Mnazi Mmoja hadi upande wa bahari, unafika Daraja la Tanzanite, lililozinduliwa mwaka 2022, zaidi kidogo ya kilomita 1 juu ya maji, bila jengo wala mti wa kukukinga. Msimu wa kusi, unakwenda Masaki upepo ukikusukuma mgongoni na unarudi ukikupiga usoni. Msimu wa kaskazi, ni kinyume chake. Anayefuata kasi hujivunia upande mmoja na kujiua upande wa pili. Anayefuata mapigo hukanyaga kwa 138 kwenda na 138 kurudi, akaiacha kasi iwe inavyotaka. Darajani hapo ndipo nilipoamini kwamba kasi ni mali ya barabara na upepo, na juhudi ni mali yangu.

Kuna saa ambazo namba haifai kusomwa kabisa. Katikati ya Kariakoo, breki na kuondoka, breki na kuondoka, moyo unachelewa: ukikaza ghafla, unachukua nusu dakika hadi dakika nzima au zaidi kuifikia kazi uliyokwisha kuifanya. Honi ya daladala ikilia nyuma ya sikio, mapigo yanaruka ingawa miguu imesimama. Mitaa ya soko ipite kwa tahadhari, macho mbele, na uanze kuhesabu mazoezi ukifika barabara inayotiririka. Kwa sababu hiyohiyo, mikimbio ya sekunde 30 haipimwi kwa mapigo; inapimwa kwa hisia.

Moyo husikiliza mengi zaidi ya miguu. Usiku wa usingizi mchache, vikombe vitatu vya kahawa chungu, wasiwasi wa marejesho ya mkopo: vyote husomeka. Mapigo ya asubuhi yakiwa juu ya kawaida yako kwa 7 au 10, pumzika siku hiyo. Kama kuna homa, usiende mazoezini kabisa. Mji huu una malaria na dengi, na homa hupandisha mapigo kabla hujajua unaumwa. Katika Ramadhani, anayefunga aendeshe kwa kanda ya kwanza na ya pili, kwa muda mfupi, karibu na magharibi, ili maji na tende viwe mkononi anapomaliza.

Mtego wa katikati

Sasa tufike kwenye hoja yangu kuu. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya utafiti Norway, aliwachunguza wanamichezo wa ustahimilivu wa kiwango cha juu na kukuta kwamba takriban vipindi 8 kati ya 10 vya mazoezi yao ni vyepesi, vya mwendo ambao mtu bado anazungumza bila kukatika pumzi. Vilivyobaki ni vizito kwelikweli. Katikati hawakai sana.

Jumamosi zetu ni tofauti. Kundi likishatoka mjini, anayetangulia anakaza kidogo, wa pili hataki kuachwa, na dakika 10 baadaye wote wako kwenye kanda ya tatu na ya nne, kimya, mpaka mwisho. Jumapili hivyohivyo. Kila safari inaacha uchovu, kwa hiyo siku iliyopaswa kuwa nzito inafikiwa na miguu mibovu, haiwi nzito ya kutosha kusukuma kizingiti juu. Na hakuna siku iliyo nyepesi kiasi cha kujenga msingi kwa saa nyingi. Mwaka unapita, mtu yuko palepale, anasema umri umemfikia.

Kanda ya tatu si haramu. Ni mwendo halali wa safari ndefu na wa mashindano. Kosa ni kuishi humo bila kuchagua.

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, na mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 juu ya vilima visivyokwisha. Mwaka uliotangulia, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa ameshinda hatua tatu na jezi ya kijani ya Tour de France. Vijana wetu waliyaona hayo kwenye simu zao, na wakaona sehemu inayorushwa tu: dakika za kuteseka mlimani. Nyuma yake kuna maelfu ya saa za mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza, na hakuna anayezirusha.

Waendesha maguta ya kukanyaga hapa sokoni walilijua hili bila mkanda wa kifuani. Mgeni wa kazi huuchukua mzigo wa kwanza kwa mbio, na mchana anaonekana amelala juu ya maboksi. Mzoefu ana mwendo mmoja ambao haujali macho ya watu. Anasalimia njia nzima. Nguvu ameiweka kwa ajili ya kile kipande cha kupandisha kutoka bondeni, na akishafika juu anarudi kwenye mwendo wake. Mpango wote wa mazoezi umo humo.

Wiki ya mwenye duka

Kwa mtu anayefungua duka saa mbili asubuhi, siku nne zinatosha. Jumanne, saa moja kanda ya pili, mjini hadi Tanzanite na Masaki na kurudi. Alhamisi ni siku nzito: baada ya dakika 20 za kupasha moto, dakika 8 kanda ya nne mara 4, ukipumzika dakika 4 za mwendo mwepesi kila baada ya moja. Dakika 2 za kwanza za kila kipande usiifukuzie namba, kwa kuwa moyo bado unapanda. Jumamosi, saa moja nyepesi kabisa, hata ukiachwa na kundi. Jumapili, saa mbili hadi tatu kanda ya pili, Kigamboni, ambako barabara ni tambarare na moyo unaweza kutulia mahali pamoja.

Kila baada ya wiki sita, jipime. Chagua mzunguko mmoja tambarare, saa ileile ya alfajiri, siku isiyo na upepo mkali, na uuendeshe wote kwa mapigo yaleyale ya kanda yako ya pili, mfano 138. Andika muda. Ukipungua kutoka, tuseme, dakika 62 hadi 58, mpagazi wako amejifunza kubeba zaidi kwa safari zilezile. Hapo hujaongeza juhudi hata pigo moja. Ulichoongeza ni uwezo.

Wiki za kwanza zinaumiza moyo kwa namna nyingine. Utapitwa na mwanafunzi mwenye begi, na mzee mwenye baiskeli ya Phoenix aliyefunga kuku kwenye keria. Waache wapite, na wasalimie. Mzee akikuuliza za nyumbani, mjibu zote, kisha umuulize na yeye za kwake. Kama umeweza kufika hadi swali la wajukuu bila kukatika pumzi, endelea hivyohivyo hadi darajani.